Uzi maalumu: Seydou Keïta wa Bamako, mwaka 1991 New York waliandika "mpiga picha hajulikani", mwaka 2025 Brooklyn wakamfungulia milango

#1 Mleta uzi

Habari zenu wakuu, na shikamoo kwa wakubwa.

Jukwaa hili lina nyuzi nyingi za kamera na lenzi na bei zake, ila za wapiga picha wenyewe ni chache mno. Leo naomba tumzungumze mmoja. Seydou Keïta, wa Bamako, Mali. Oktoba 2025 Makumbusho ya Brooklyn, New York, yalifungua maonyesho yake yaitwayo *Seydou Keïta: A Tactile Lens*. Kazi zaidi ya 280, picha pamoja na nguo, vito na vitu vingine vya zama zile, na baadhi ya nega (filamu zenyewe zinazotolewa picha) zimetoka kwa familia yake mwenyewe. Hadi wakati huo Amerika Kaskazini hakuwa amefanyiwa maonyesho makubwa kuliko hayo. Nimeyapitia kwa utulivu, na nimetoka na jambo kifuani ambalo sitaki libaki langu peke yangu. Nitaandika kwa vipande, mnivumilie.

Nianze na jambo lenyewe. Mwaka 1991, mji huohuo wa New York, kulikuwa na maonyesho makubwa ya sanaa ya Afrika ya karne ya 20, yakiitwa *Africa Explores*. Ndani yake zilikuwamo picha kadhaa za studio kutoka Bamako, nyeusi na nyeupe, watu wamevaa wakapendeza. Picha hizo zilikuwa zimepatikana Bamako miaka ya 1970, lakini jina la aliyezipiga halikusafiri nazo. Basi pale chini, mahali pa jina, wakaandika kwamba mpiga picha hajulikani.

Sasa wakuu, mtu huyu alikuwa hai. Alikuwa Bamako, mzee mstaafu wa serikali, mwenye jamaa na majirani. Mji mzima wa rika lake walimjua, maana nusu yao walikuwa na picha yake nyumbani. Ilitakiwa kuuliza tu. Na kweli, tajiri mmoja mkusanyaji wa sanaa, Jean Pigozzi, alipovutiwa na picha zile alimtuma Mfaransa André Magnin aende Bamako kumtafuta mwenyewe. Magnin alifikishwa kwa mpiga picha mwingine wa mji, Malick Sidibé. Sidibé akazitazama, akasema hizi ni za Keïta, akampeleka hadi kwake. Hapakuwa na fumbo lolote.

Mwaka 1994 akafanyiwa maonyesho ya peke yake Paris, kwenye jumba la sanaa la Fondation Cartier. Mwaka 2016 jumba la maonyesho la Grand Palais, hukohuko Paris, wakatundika karibu picha 300. Mwaka 2025 ikawa zamu ya Brooklyn. Kwa hiyo jina la mpiga picha limesharudi mahali pake, alhamdulillah. Linaloniuma ni kwamba waliopigwa hawajarudi. Ukuta mzima wa watu, na karibu wote hawana majina. Kosa lile la 1991 limehama tu, limetoka kwa aliyeshika kamera likaenda kwa aliyekaa mbele yake.

Nitarudi niwaeleze alivyofanya kazi.

#2 Mdau, Dar

Mkuu shusha, tupo. Ila swali la haraka: picha za studio kila mji zilikuwepo. Kariakoo zilikuwepo, Tabora zilikuwepo. Huyu ana nini cha ziada mpaka apelekwe makumbusho? Nauliza kwa nia njema.

#3 Mleta uzi

Swali zuri sana, na ndilo nililotaka kuliingia.

Keïta alizaliwa Bamako, mwaka huandikwa 1921 kwa makadirio. Baba yake alikuwa fundi seremala na yeye akaanzia hukohuko kwenye randa na msumeno, hakusoma shule. Mwaka 1935 mzee mmoja wa ukoo wao, Tièmòkò, aliporudi safari ya Senegal alimletea kamera ndogo, Kodak Brownie. Akaanza kupiga nyumbani na mitaani. Kazi ya kusafisha picha aliipata kwa mwalimu mmoja aliyekuwa pia mpiga picha, Mountaga Dembélé, na kwa Mfaransa Pierre Garnier aliyekuwa na duka la vifaa vya picha mjini. Mwaka 1948 akafungua studio yake nyumbani, mtaa wa Bamako-Koura, jirani na gereza na si mbali na stesheni ya treni.

Hiyo stesheni msiipite hivihivi. Bamako wakati ule ilikuwa mji mkuu wa Sudani ya Kifaransa, koloni ambalo leo ni Mali, na reli ilikuwa inafika hadi Dakar, baharini. Abiria, wafanyabiashara, makarani na askari wote walishukia pale. Mtu anashuka na nguo mpya, ana pesa kidogo mfukoni, anataka nyumbani wajue amefika na mambo si mabaya. Studio ipo hapo hapo karibu.

Sasa tuje kwenye ufundi. Kamera yake ya studio ilitumia filamu ya kipande, sentimita 13 kwa 18. Hiyo ni kubwa kama kurasa ya kitabu cha kawaida. Alikuwa hakuzi picha. Nega inalazwa juu ya karatasi, uso kwa uso, inapigwa mwanga, picha inatoka ukubwa uleule wa nega. Ndiyo maana ukisogelea unaona kila uzi wa kitambaa na kila shanga shingoni. Filamu ilikuwa ghali, kwa hiyo mteja alipigwa mara moja tu. Mara nyingi walipigwa uani, kwa mwanga wa jua. Maana yake kabla ya kubonyeza, kila kitu kilikuwa kimeshamalizwa: mkono uko wapi, kichwa kimeinama kiasi gani, upindo wa nguo umeangukaje. Ukutani alibandika sampuli za picha zake ili mteja achague mkao anaoupenda, kisha yeye anaurekebisha. Alipenda kumgeuza mtu kidogo ubavu, asikae mraba kama picha ya kitambulisho.

Na nyuma ya mteja kulikuwa na pazia. La kwanza kabisa lilikuwa shuka lake mwenyewe la kitandani, lenye matamvua. Kila baada ya miaka miwili au mitatu alibadilisha: likaja la maua, kisha la majani, mwishoni la kijivu lisilo na kitu. Uzeeni alipoulizwa picha fulani ni ya mwaka gani aliangalia pazia akajibu.

Hapo ndipo utaona tofauti yake na studio nyingi, mkuu wa Dar. Watu wengi wangemweka mtu mwenye nguo ya maua mbele ya ukuta mweupe ili aonekane. Yeye anamchukua mwanamke aliyevaa gauni la mapambo, anamlaza juu ya shuka ya mirabamiraba, na nyuma anaweka pazia lenye michoro. Michoro mitatu juu ya michoro, na bado macho yako yanakwenda moja kwa moja usoni pake. Nilisimama mbele ya picha ya namna hiyo nikawa natafuta amefanyaje. Nadhani ni mikono na uso: ndiyo sehemu pekee za picha zisizo na urembo, kwa hiyo jicho linatulia hapo. Sikuona aliyemzidi kwa hilo.

#4 Mdau, Mombasa

Ahsante sana ndugu kwa uzi huu, umenigusa kweli. Hata kwetu pwani mambo haya tunayajua. Mombasa palikuwa na Parekh, mzee wa asili ya Kihindi, Waswahili na Wahindi na Waarabu wote walipita studio kwake. Arusi haikutimia bila bibi arusi kwenda kupigwa picha. Na Lamu palikuwa na Omar Said Bakor, huyo alikuwa na mambo yake peke yake: anakata picha, anaunganisha, mtu anatokea ndani ya ua! Kazi ya makasi na gundi, kompyuta hazijakuja.

Ninalotaka kuuliza ni kuhusu nguo. Wale akina mama wa Bamako walikuja na nguo zao ama studio iliwapa? Maana kwetu bibi yangu alisema mikufu mingine ya kwenye picha ilikuwa ya kuazima, na kwamba hiyo haikuwa aibu.

#5 Mdau, Zanzibar

Naongezea hapo kwa ndugu yangu wa Mombasa. Mjini kwetu Unguja ipo Capital Art Studio, iliyofunguliwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza, mwanawe akaiendeleza. Ukiingia mule unakuta kuta zimejaa Zanzibar ya zamani. Kila mgeni anatazama majengo na majahazi. Mimi hutazama watu. Naungana na mleta uzi kuhusu majina. Pale pia wengi ni "msichana", "mzee", "wachuuzi". Nasi tunapita tunasema picha nzuri, basi.

#6 Mleta uzi

Mdau wa Mombasa, swali lako linanipa nafasi ya kusema jambo ninalolipenda zaidi katika kazi za huyu mzee.

Akina mama walikuja na nguo zao, tena zilizo bora. Ilikuwa lazima kitambaa kionekane chote, ndiyo maana wengi wameketi gauni limetandazwa hadi pembeni ya picha. Vilemba walivifunga kwa mitindo ya wakati ule. Mmoja ulipewa jina la de Gaulle, jenerali wa Ufaransa. Mikufu, hereni, pete, yote mbele. Wanaume ndio walioazima zaidi. Keïta alikuwa na suti za kizungu studio, na tai, saa za mkono, kalamu za wino za kuchomeka mfukoni, redio, baiskeli, pikipiki ya Vespa. Hata gari lake, Peugeot 203, limeingia kwenye picha.

Wasomi wengine wa Ulaya wamewahi kusema hapo watu walikuwa wanajifanya wazungu, ama wanaigiza maisha ambayo hawana. Mimi napinga kwa nguvu zote. Mtu aliyeshika redio hakuwa anadanganya mtu. Jirani zake walijua kuwa redio ni ya studio, kwa sababu na wao waliishika wiki iliyopita. Walikuwa wanachagua namna wanavyotaka watoto wao wawakumbuke. Tena huu ni wakati wa ukoloni, ambapo picha nyingi za Mwafrika zilipigwa na mtu mwingine kwa haja zake mwenyewe: kwa kadi ya posta, kwa ripoti ya utawala, kwa kupima fuvu. Hapa mteja ndiye aliyelipa, ndiye aliyechagua nguo na mkao, na picha ikitoka ni yake anaondoka nayo.

Kuna picha moja ya mwanamume mnene mwenye kanzu pana nyeupe, amepakata mtoto mchanga. Ya mwanzoni kabisa, kati ya 1949 na 1951. Mikono yake ni mikubwa na mtoto ni mdogo mno, na ameshikwa kama watu wanavyoshika kitu cha thamani ambacho hawajazoea kukishika. Baba anatazama kamera bila kutabasamu. Sasa nani ataniambia huyu anaigiza nini? Huyo mtoto kama yupo ana umri wa miaka sabini na kitu. Inawezekana anaishi Bamako leo. Na kwenye maelezo: "haina jina".

Hapo kuna la kuwalaumu watunza makumbusho kidogo, ila si kila kitu ni kosa lao. Nega hazikuandikwa majina ya wateja. Picha zenyewe, zile ndogo za wakati ule, nyuma zilipigwa muhuri wa *Photo Keïta Seydou*, pengine na tarehe. Kumbe jina lake lilikuwepo siku zote, mgongoni mwa picha! Waliokuwa na picha nyumbani walilijua. Waliochukua nega na kwenda kusafisha upya ughaibuni ndio waliolipoteza.

#7 Mdau, Mwanza (fundi picha)

Wakuu, mimi nimefanya kazi ya chumba cha giza miaka ya nyuma kabla digitali haijatuondoa sokoni, kwa hiyo naomba nichangie kiufundi.

Mleta uzi anaelekea kuzisifu zile ndogo na kuzisema vibaya zile kubwa zilizosafishwa upya ughaibuni. Nisingekwenda haraka hivyo. Nega ya 13 kwa 18 ina hazina kubwa ndani yake. Ukiipeleka kwa msafishaji anayejua kazi, akaikuza hadi urefu wa mtu, haipasuki. Paris zilisafishwa na mabingwa, na Keïta mwenyewe alikuwa hai, akazitia saini. Nimesoma maneno yake: alipoziona kwa mara ya kwanza zimekuzwa, safi, hazina doa, alisema hapo ndipo alipojua kuwa kazi yake ilikuwa nzuri kwelikweli, na kwamba watu wale walikuwa kama wamesimama mbele yake wazima. Sasa ikiwa mwenye kazi amefurahi, sisi ni nani tuseme hapana?

Kisha kumbukeni hali ya kazi ya Bamako. Vumbi, joto, dawa inaharibika kabla ya wakati, maji hayatulii kwenye nyuzi moja. Picha ndogo si kwamba zilikuwa ndogo kwa falsafa. Ndicho kilichowezekana.

#8 Mleta uzi

Fundi, nimekuelewa na nakushukuru, hayo ni maneno ya mtu aliyeshika dawa kwa mikono yake. Maneno yale ya mzee nami nayajua, na sitayapunguza. Furaha yake ilikuwa haki yake. Mtu umefanya kazi miaka 14, ukaambiwa ufunge, ukakaa zaidi ya miaka 30 huna studio, halafu unaona kazi yako imesimama mbele yako bila doa. Hata mimi ningesema kitu kama hicho.

Ila hebu tuzitenganishe picha mbili hizi, kwa sababu kwenye maonyesho watu wengi wanadhani ni kitu kimoja kwa saizi mbili.

Ile ndogo ilikuwa ya mteja. Imeshikwa, imetumwa kwa barua, imewekwa kwenye sanduku la nguo, imetundikwa ukumbini. Wengine walitaka irembeshwe: fundi wa fremu alichukua rangi na brashi nyembamba akapaka dhahabu kwenye mkufu na wekundu kwenye kucha. Fikiria mtu anakaa na brashi anapaka rangi ukucha wenye upana wa punje ya mtama! Baadhi ya wateja hawakurudi kuchukua, picha zikabaki kwa fundi wa fremu miaka na miaka, na ndizo hizo zilizokuja kuonyeshwa Grand Palais. Kwa hiyo ile ndogo ina watu wengi ndani yake: aliyepigwa, mpiga picha, mpaka rangi, fundi fremu.

Ile kubwa ilisafishwa miaka ya 1990 na kuendelea, kwa ajili ya ukuta wa jumba la sanaa na kwa ajili ya soko. Weusi wake ni mzito zaidi, weupe unang'aa zaidi. Nzuri, sikatai. Lakini katika hiyo kubwa mteja ameshatoka. Hakuiagiza, hakuiona, hakujua kuwa ipo.

Kwa hiyo ninachotaka si kubwa zitolewe. Nataka zile ndogo zisiwekwe pembeni kama vielelezo. Ziwe katikati, tena mojawapo igeuzwe tuone mgongo wenye muhuri. Hapo Brooklyn wamefanya jambo la maana kuliko wote waliotangulia, kwa kuweka vitambaa na vito karibu na picha. Picha haina rangi, lakini kitambaa kilicho jirani kina rangi, na ghafla unaelewa kwamba yule mama hakuwa wa kijivu. Alikuwa amevaa rangi zinazopiga kelele! Jicho linakwenda kwenye kitambaa, linarudi kwenye picha, na picha inabadilika. Hilo walilipatia.

#9 Mdau, Bukavu

Habari yenu wote. Mimi niko Bukavu, nafuata hii uzi tangu mwanzo na inanifurahisha sana. Swali langu ni la feza. Hizi picha zinauzwa bei kubwa huko Ulaya na Amerika, sivyo? Sasa nani anapata? Familia ya mzee? Watu wa Bamako walio kwenye picha? Ao ni wale waliochukua nega tu?

#10 Mleta uzi

Ndugu wa Bukavu, umegonga penyewe. Nitajibu kwa yale yaliyo wazi tu.

Magnin alipompata Keïta, nega nyingi zilitoka Bamako kwenda Paris ili zisafishwe na kuonyeshwa. Kwa miaka kadhaa kazi iliendelea hivyo, na sehemu kubwa ya picha zilizoonekana duniani ni za mkusanyiko wa Pigozzi. Mwaka 2001, mwaka aliofariki, ikaundwa jumuiya ya kulinda kazi zake, na akawa ameanza kufanya kazi na wakala mwingine. Alifariki Paris, Novemba mwaka huohuo. Baada ya hapo ukazuka mgogoro mkali, ukafika mahakamani Ufaransa: nega ni za nani, zilitolewa kwa kuazima au kwa kuuzwa, nani ana haki ya kusafisha nakala mpya na kwa saizi gani. Kila upande ulikuwa na hoja zake, nami si hakimu, siwezi kumtia mtu hatiani hapa.

Ila somo la kikazi lipo, na wapiga picha wa humu walisikie. Mikataba ya mdomo na nega zilizovuka mpaka bila karatasi ndiyo chanzo cha yote. Kama una nega za baba yako na mtu amekuja anasema anakwenda kuzihifadhi, akuandikie ngapi, za nini, kwa muda gani, na nani anaruhusiwa kutoa nakala. Hata kama ni mtu mwema kabisa, mwandikishane.

Kuhusu waliopigwa: kisheria haki ya kazi huwa kwa mpiga picha na warithi wake. Mama aliyelala juu ya shuka ya mirabamiraba hana fungu. Ndiyo maana nang'ang'ania jina. Fedha hazitamfikia, basi jina lake limfikie. Brooklyn familia ya Keïta imeshirikishwa, imetoa vitu, imetoa kumbukumbu, na matokeo yanaonekana. Hatua ya pili iwe ni kuzirudisha nakala Bamako, kupita mitaa ileile, kuwaonyesha wazee na kuuliza: huyu nani? Wenye umri wa kukumbuka miaka ya 1950 wanapungua kila mwaka. Kazi hii haihitaji jumba la kifahari. Inahitaji vijana wachache, albamu na daftari.

#11 Mdau, Dar

Mkuu nimerudi, na jibu langu nimelipata, tena kwa ziada. Nimemaliza kusoma nikaenda kufungua albamu ya mama. Ipo picha ya studio, wanawake watatu wamevaa sare, pazia nyuma lina mchoro wa mlima na ziwa. Mama anawajua wawili. Wa tatu anasema "alikuwa rafiki yake mama mdogo". Nimempigia mama mdogo, hapokei, nitajaribu kesho.

Halafu hujatueleza kwa nini alifunga studio. Umesema aliambiwa afunge. Na nani?

#12 Mleta uzi

Na serikali. Mali ilipata uhuru Septemba 1960. Miaka miwili baadaye serikali mpya ilimwita awe mpiga picha wake rasmi, na hakuruhusiwa kuendelea na studio pembeni. Studio ikafungwa, baadaye vifaa vikaibwa. Alifanya kazi ya serikali hadi alipostaafu 1977. Mikutano, wageni, sherehe. Picha za kipindi hicho hazionekani kwenye maonyesho, yote tunayoyaona ni ya 1948 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Baada ya kustaafu akajishughulisha na injini, maana magari na pikipiki aliyapenda toka zamani.

Wakati yeye anafunga, Malick Sidibé alikuwa ndiyo anaanza, mtaa wa Bagadadji, mji huohuo. Yule alitoka na kamera ndogo usiku kwenda kwenye dansi za vijana, twist na rumba, jasho na vumbi. Ni kazi ya aina nyingine kabisa, na mwaka 2007 alipewa tuzo ya Simba wa Dhahabu ya kazi ya maisha kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice, Mwafrika wa kwanza kuipata. Yeye anastahili uzi wake, nitaufungua nikipata nafasi.

Mdau wa Dar, kuhusu hiyo picha ya sare: usiibandue kama imegandishwa kwenye albamu, gundi za zamani huondoka na karatasi. Ipige kwa simu karibu na dirisha, bila flashi, mbele na nyuma kama nyuma panafikika. Angalia kama kuna muhuri wa studio. Mama akikutajia jina, andika na jina la aliyekutajia na tarehe, kwa penseli laini, si kalamu ya wino, kwa sababu wino hupenya upande wa pili. Pazia la mlima na ziwa nalo liweke humu tulione. Mdau wa Mwanza au mwingine yeyote aliyefanya kazi studio za wakati ule anaweza kulitambua ni la wapi.